Simu Zilizogoma Nainokanoka

Nimeshaweka bisibisi chini. Sasa nalima vitunguu na maharage Qurus, na mgongo ukiniuma unauma kwa sababu ya jembe, siyo kwa kuinamia simu za watu. Lakini vijana wa Karatu hamkomi. Mnanifuata mpaka shambani, simu imezima mkononi: "Mzee Baha, icheki tu mara moja." Wengine mmeshaizika kwenye mchele siku tatu. Mchele ni wa kula, jamani.

Basi nimeona niandike, nipumzike. Mimi ni wa darasa la saba, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe. Na majina nitataja. Binti yangu Ester alipopitia karatasi hizi alisema, "Baba, majina ya watu toa." Nikamwambia langu wao walilitaja mbele za watu, tena kwa kufoka. Godlisten ndiye wa kwanza. Elirehema ndiye wa pili. Nitawafikia.

Kazi yangu miaka yote ilikuwa kutengeneza vitu vinavyoongea. Nilianza na redio za upepo za magari ya watalii, miaka ya tisini, wakati Karatu simu ya mkononi unaisikia tu kwa waliotoka Dar. Gari likikwama ndani ya kreta kule hifadhini, dereva anashika kipaza sauti anaita. Aliyenifundisha ni mzee Akonaay, mtu aliyetembea na kifutio cha penseli mfukoni kama wengine wanavyotembea na rozari. Redio ikiletwa imekufa, kabla hajafungua chochote anasugua vile vichwa vya shaba vya kuunganishia nyaya kwa kifutio, anarudisha, inaongea. Mteja anashangaa. Mzee anamwambia ilikuwa kazi ngumu.

Kosa langu kubwa la enzi zile lilikuwa la makalio. Nilikuwa ndani ya gari natengeneza redio, kipaza sauti nimekilaza kwenye kiti, nikakikalia. Kitufe kikabanwa. Mimi sijui, namweleza mzee Akonaay tabia za bosi wetu: anavyokula, anavyokoroma mchana ofisini, na habari ya mke wa pili kule Mbulu. Nilieleza kwa kirefu. Redio ikabeba yote mpaka getini, mpaka hoteli za ukingoni, mpaka magari yote yaliyokuwa kreta na wageni ndani. Nilipoinuka tu, sauti ya mhudumu wa hoteli ikatoka: "Umesikika vizuri, Baha. Rudia pale pa mke wa pili."

Bosi alinifukuza siku tatu. Siku ya nne redio zilianza kukoroma kuliko yeye, akanirudisha.

Nimeanza na hilo kwa sababu mashine inayoongea ina maswali mawili, mkumbuke. Inasema nini, na nani anasikia. Redio yangu ilisikiwa na dunia nzima. Sasa nitawaambia habari ya mashine iliyosema ukweli miezi mitatu bila kusikiwa na mtu, na mimi nusura niitwe mwizi mpaka kaburini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya elfu mbili. Ulikuja mradi wa chanjo ya mifugo, ukafungua ofisi Karatu. Wachanjaji walipewa simu kubwa za kugusa, ambazo wakati ule ukiitoa mfukoni sokoni watu wanaacha kununua nyanya. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuandika: boma la nani, chupa ngapi za dawa zimetumika, ng'ombe wangapi. Mimi nilikuwa fundi wa simu zile. Nachaji, nabadilisha betri zilizochoka, nafuta vumbi. Kazi nzuri. Nilipewa mpaka koti lenye jina.

Programu iliandikwa na Godlisten. Kijana wa Machame aliyesomea Dar, anakaa Arusha, akija Karatu anakuja na viatu vyeupe na kuondoka navyo vyeupe. Alikuwa na tabia ya kumwita kila mtu "chalii yangu", kama kijana mwenzake, hata mimi ambaye ningeweza kumbeba siku ya ubatizo wake. Meneja alikuwa Elirehema, mtu mzima, si mbaya wa kuzaliwa. Ubaya wake ni kwamba aliamini mtu kwa kadiri ya vyeti.

Tatizo likawa hili. Simu zikiwa Qurus zinafanya kazi. Zikiwa Endabash zinafanya kazi. Zikipandishwa Nainokanoka, kule juu kwa Wamasai, mchanjaji akibonyeza mara ya mwisho, programu inajifunga na yote aliyoandika yanapotea. Makao makuu wakaanza kuuliza kama kweli ng'ombe wa kule wanachanjwa au dawa inamwagwa.

Jumatatu moja asubuhi Elirehema alitusimamisha uwanjani, madereva na wachanjaji wote.

"Injinia amechunguza," akasema. "Programu haina shida. Shida ni betri. Kule kuna baridi, betri feki hazihimili baridi. Na anayebadilisha betri hapa ni mmoja tu. Baha."

Godlisten alikuwa ameegemea gari, anatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuletewa mgonjwa.

"Mzunguko mkubwa wa chanjo ni wiki mbili zijazo," akaendelea Elirehema. "Nitapanda mwenyewe. Simu zikijifunga tena, utarudisha koti, na kila gereji ya mji huu itajua umeuza betri zetu ukaweka za mtaani."

Karatu ni barabara moja. Jina likiharibika kwenye kituo cha mafuta cha kwanza, ukifika cha mwisho wanakuchekea. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na sina cheti chochote zaidi ya jina hilo.

Nikaanza na betri, maana ndiyo niliyoijua. Nilikwenda kwa rafiki yangu wa bucha, nikamwomba friji. Nikaweka simu sita katikati ya miguu ya mbuzi, tangu asubuhi mpaka mchana. Mteja mmoja akauliza kilo ya hizo nyeusi ni shilingi ngapi. Nikazitoa, zimeganda vidole vinauma, nikaziwasha. Zote zikawaka. Nikampigia Godlisten kumweleza.

"Chalii yangu," akasema, "kipimo cha bucha hakitambuliwi."

Siku iliyofuata nikadandia gari la wachanjaji kwenda Nainokanoka nikaone kwa macho. Nilikaa na Lemayan, mchanjaji wa kule kule, kijana mpole aliyesoma chuo cha mifugo. Alichanja boma zima, akajaza simu, akabonyeza. Programu ikatoweka. Lakini nikaona kitu ambacho injinia akiwa Arusha hawezi kuona: kioo kilikuwa kinang'aa. Betri ikifa, simu nzima inakuwa giza. Hapa simu ilikuwa macho kabisa, inaonyesha saa na chaji robo tatu. Aliyekufa ni programu peke yake.

Hilo liandikeni mahali. Kabla hujafungua simu ya mtu, tazama kilichokufa ni nini na kilichobaki hai ni nini.

Nilijua sasa si betri, ila sikuwa na namna ya kumwonyesha Elirehema. Nikaenda kwa Mama Glory. Alikuwa na duka la stationari karibu na soko, kila mtu anamjua kwa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa. Wachache walijua kwamba kabla ya kuolewa alisomea kompyuta Moshi, na kwamba wateja wakiisha anasoma vitabu vyake vya zamani kama wengine wanavyosoma udaku. Nikaweka simu mezani, nikamweleza.

"Baba Ester," akasema, "kila programu ina mdomo. Aliyeiandika anaiambia, ukifika hapa sema hivi, ukikwama sema vile. Akiwa kwenye kompyuta yake, maneno yale anayaona. Ukiiweka kwenye simu ya namna hii, mdomo bado unasema, lakini maneno yanamwagwa shimoni. Hakuna anayeyasoma."

"Hayawezi kuzuiwa yasimwagike?"

"Yanaelekezwa kwingine. Simu yenyewe ina daftari lake la ndani. Inaandika kila kitu, imewashwa saa ngapi, mtandao umekatika lini, nani kafunguliwa na nani kafungwa. Wenyewe wanaliita logi. Tunaiambia simu: maneno ya programu usimwage tena, yaandike kwenye logi. Halafu tunalisoma daftari."

Nikamwuliza ni kazi ya siku ngapi. Akasema mstari mmoja. Akachomeka waya kutoka kwenye kompyuta, akausimamisha mfumo wa simu, akaandika huo mstari kwa vidole viwili, akauamsha mfumo tena. Nilikunywa chai nusu kikombe, kazi imeisha.

"Sasa nisikilize," akasema. "Usiizime. Mstari huu simu inaukumbuka ikiwa macho tu. Ukiizima, imeusahau, inarudi kumwaga kama zamani."

"Nimesikia."

"Na logi ni dogo. Likijaa linafuta ya zamani. Programu ikijifunga tu, usiichezee. Niletee."

"Nimesikia, Mama Glory."

Nikapanda tena Nainokanoka. Tulipopita geti na ukungu ukatufunika, mimi, fundi wa betri wa miaka mingi, nikafanya kile ambacho mkono wangu ulizoea kufanya njiani. Nikaizima kutunza chaji.

Programu ilijifunga vizuri kabisa kwenye boma, nikafurahi kama nimeona mtoto anatembea. Nikaishika simu kwa mikono miwili mpaka Karatu. Mama Glory akachomeka waya, akasoma chini mpaka juu.

"Uliizima."

"Kidogo tu."

"Baba Ester, nilikwambia kwa Kiswahili. Sikutumia Kichaga."

Aliweka mstari upya bila kunitazama. Zilikuwa zimebaki siku nne. Safari hii nilifunga kile kitufe cha kuzimia kwa plasta ya kidonda, duru mbili, na Lemayan akaniuliza simu imeumia wapi. Tukachanja boma la mzee Koipa, mzee mwenye mifugo mingi pale. Lemayan akajaza, akabonyeza, programu ikatoweka, nikamwomba dereva ashuke bila kusimama popote. Lemayan alitaka kutumia simu ile ile kumpigia mke wake kutoka getini. Nikamwambia mke atasubiri, daftari halisubiri.

Mama Glory akachomeka waya. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, mingi kama siafu. Akanionyesha namna ya kusoma: usianzie juu. Tafuta saa programu ilipojifunga, halafu rudi nyuma mdogo mdogo. Saa ya simu nilikuwa nimeiandika kwenye kiganja kwa kalamu, hilo angalau nililifanya sawa. Tukafika. Akasoma kwa sauti.

"Chupa kumi. Ng'ombe sifuri. Kugawa kwa sifuri hakuwezekani." Akasimama. Akasogeza uso kwenye kioo. "Hapa kuna noma, funga tu wasione."

"Soma tena."

"Hapa kuna noma, funga tu wasione."

"Hiyo imeandikwa na simu?"

"Simu haijui neno noma, Baba Ester."

Akaanza kucheka, mpaka mteja aliyekuja na cheti cha ndoa akauliza kama kimekosewa. Baadaye alinieleza taratibu. Programu ilikuwa inachukua dawa na kuigawanya kwa idadi ya ng'ombe, ijue kila mmoja kapata kiasi gani. Ukigawanya kwa sifuri, inakwama. Godlisten alijua kwamba inaweza kukwama pale. Badala ya kutengeneza, aliiambia ijifunge kimya kimya, na akaiachia yale maneno ya kujisemea mwenyewe, akijua kwenye simu hayasomwi na mtu. Mama Glory akachapa ukurasa ule. Nikaukunja mfukoni.

Ila sifuri ilitoka wapi? Nilimfuata Lemayan kwake.

"Ulitaka niandike nini?" akasema. "Nisimame kwenye boma la mzee Koipa nianze moja, mbili, tatu, mbele yake? Atadhani nazitakia zife. Sisi ng'ombe hatuhesabu, Baha. Mzee anazijua kwa rangi na kwa sura, akikosekana mmoja anajua jioni ile ile. Mimi nahesabu chupa zangu. Sasa kile kisanduku cha idadi hakikubali kubaki wazi, ukikiacha kinakugomea. Nikaweka sifuri."

"Hukuwaambia?"

"Walioniuliza ni nani? Waliniuliza kama nimeiangusha."

Niliona aibu. Nimekua jirani na Wamasai, najua jambo hilo tangu mtoto. Qurus ukimwuliza mtu ana ng'ombe wangapi anakwambia wawili na ndama, na anakuonyesha ndama. Sikukumbuka hata mara moja kwamba simu inauliza swali ambalo kule juu haliulizwi.

Siku ya mzunguko mkubwa tulipanda magari matatu. Elirehema, Godlisten, madereva, wachanjaji, wote walionisikia nikiitwa mwizi. Tukaingia boma la mzee Koipa. Lemayan akachanja, akajaza, akabonyeza. Programu ikatoweka.

"Baha," akasema Elirehema, "umeona mwenyewe."

"Nimeona, bosi. Naomba nisome karatasi."

Nilisoma polepole, kidole chini ya neno, kama nilivyofundishwa. Chupa kumi. Ng'ombe sifuri. Kugawa kwa sifuri. Nilipofika penye noma madereva wakageuka kumtazama Godlisten, na mmoja akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Umeipata wapi?" akauliza Godlisten.

"Ndani ya simu. Programu yako inaongea. Tumeielekeza iongee kwenye logi."

Akapata njia. Watu wa namna ile hawakosi njia. "Sawa. Kwa hiyo si betri. Lakini bosi, si programu vilevile. Mfumo unaomba idadi, mtu anaandika sifuri. Huo ni uzembe wa mchanjaji."

Elirehema akamgeukia Lemayan.

Hapa sitawadanganya. Mimi nilikuwa nimeshapona. Nilifikiri ninyamaze. Lemayan ana cheti, nikajiambia, atapata kazi kwingine. Niliikunja karatasi mpaka nusu. Halafu nikaona jinsi Lemayan alivyoshika kofia yake, ndivyo nilivyoshika koti langu ile Jumatatu.

"Bosi," nikasema, "mzee mwenyewe huyu hapa. Injinia amwulize idadi, ajaze kwa mkono wake. Tuone."

Godlisten akachukua simu. Akavuka zizi kwa vidole vya miguu, samadi ikapanda kwenye vile viatu vyeupe bila kuuliza cheti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Akina mama waliokuwa wanasafisha vibuyu wakasimamisha mikono. Mzee Koipa akamtazama, kisha akanyoosha fimbo. "Hawa."

"Ndiyo. Hawa ni wangapi?"

"Hawa wote."

"Namba, mzee. Nataka namba yao."

Mzee akamwambia Lemayan maneno kwa Kimasai. Lemayan akatazama chini.

"Anasemaje?" akauliza Godlisten.

"Anauliza kama mama yako yuko hai."

"Yuko hai."

"Anauliza umpe namba ya siku zilizombakia."

Hakuna aliyecheka. Godlisten alirudi nyuma hatua moja. Akatazama kile kisanduku, akajaribu kukiacha wazi na kuendelea, kikamgomea. Akajaribu tena. Watu wote tunamtazama kidole. Mwisho akaweka sifuri, akabonyeza. Programu ikatoweka, kioo kikabaki kinang'aa mkononi mwake.

"Noma," akasema dereva mmoja, kwa upole.

Hapo ndipo walipocheka, mpaka mzee Koipa akacheka bila kujua neno lenyewe.

Elirehema alikaa akitazama ng'ombe. Bila kugeuka akasema, "Betri za Baha ni nzima."

"Bosi, wale wa nyuma hawajasikia."

Akageuka. "Betri za Baha ni nzima," akasema kwa sauti ile ile ya uwanjani. "Na Lemayan aendelee na kazi. Injinia, kisanduku hicho utakitoa. Uliza kama wote wamechanjwa, ndiyo au hapana."

Hakuomba msamaha, na mimi mpaka leo bado nausubiri. Ila alilisema mbele ya watu wale wale, na mpaka jua linazama habari ilikuwa imeshafika kituo cha mafuta cha mwisho.

Tuliporudi, Godlisten aliwekwa nyuma pamoja nami, kati ya maboksi ya dawa. Alikuwa ameshavua viatu. Tulishuka mpaka tukapita geti.

"Fundi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "kwa nini hukuniuliza mimi kwanza, tukamaliza wenyewe?"

"Niliiuliza simu," nikamwambia. "Wewe ningekuuliza ungenijibu betri."